Sarafu Mbili Kati ya Injini na Giaboksi

Saa mbili asubuhi, Jumatano moja ya Aprili 1976, gari jeupe la Bwana Ambalal lilikuwa juu ya shimo la gereji ya Kingori, mjini Othaya, na giaboksi yake ilikuwa imelazwa kwenye mbao kando ya shimo. Mvua ilikuwa imekatika. Wamucii, mke wa Kingori, mwenye mimba ya miezi minane, alitoka nyumbani kwao nyuma ya gereji na birika la chai, akamcheka mumewe kwa kuwa alikuwa na oili hadi kwenye nyusi. Ilikuwa nyumba yenye amani. Majirani wote niliowauliza walisema hivyo.

Ambalal alikuwa mwenye duka mjini Nyeri. Mguu wake wa kushoto haukukunjika vizuri, ndiyo maana alinunua gari la otomatiki, lisilo na klachi. Lilipoanza kuvuja oili karibu na Othaya, alielekezwa kwa Kingori, na hakudanganywa: Kingori alikuwa fundi mzuri. Ila giaboksi zote alizowahi kushusha zilikuwa za klachi.

Msomaji, hapa inabidi nieleze jambo moja la kazi. Kwenye giaboksi ya klachi, ikibaki nafasi ndogo kabla ya kugusana na injini, mafundi wengi huimalizia kwa kukaza bolti, nayo huingia. Giaboksi ya otomatiki haitaki hivyo. Mbele yake kuna konvata, chuma cha mviringo kama sufuria nzito iliyofunikwa, iliyojaa oili. Fundi huisukuma ndani huku akiizungusha mpaka isikike ikidondokea mahali pake mara tatu. Hapo tu ndipo huipandisha giaboksi. Giaboksi na injini vikishagusana, konvata lazima izunguke kwa mkono, na kati yake na sahani ya injini ibaki nafasi ya kutosha sarafu mbili za shilingi zilizowekwa moja juu ya nyingine. Nafasi hiyo ikikosekana, kila bolti inayokazwa inaisukuma konvata ivunje pampu ya oili iliyo nyuma yake.

Kingori aliyasikia haya kwa Ambalal mwenyewe, aliyesomewa maelezo na muuza gari. Siku hiyo aliisikia konvata ikidondoka mara mbili. Akaipandisha giaboksi. Ikasimama upana wa kidole kabla ya kufika.

Sasa gereji ile ilikuwa na benchi, na benchi lilikuwa na wenyewe. Kila asubuhi wanaume wasio na haraka walikaa pale kutazama kazi na kuitolea hukumu. Fundi aliyeshusha kitu alichokwisha kukipandisha aliitwa "fundi wa kurudia" mwezi mzima. Aliyevuma zaidi alikuwa Ngatia, muuza nyama.

"Kingori!" aliita. "Mbona umenyamaza huko chini? Ama imekushinda?"

"Imekataa kidogo. Nafikiri niishushe."

"Ati uishushe? Mimi nikikata nyama siirudishi kwa ng'ombe!"

Benchi zima likacheka. Kingori naye akacheka, akashika spana, akaanza kukaza bolti moja baada ya nyingine kwa kuzunguka. Giaboksi ikasogea. Ilipogusana na injini, kitu ndani kikalia, tak.

Aliniambia kwamba alijaribu kuizungusha konvata kwa mkono, haikuzunguka. Akafunga kila kitu, akajaza oili, akawasha. Gari lilikwenda mbele, likarudi nyuma. Benchi likapiga makofi. Chini ya ngurumo ya injini kulikuwa na sauti nyembamba kama ya nyuki ndani ya chupa. Hakumwambia mtu.

Ambalal alifika saa nne akitoka kwenye hoteli alikokuwa akinywa chai. Hata kabla hajapewa ufunguo, Wamucii alitokea mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Baba Gathoni," alimwita mumewe, kwa jina la binti yao. "Niko na damu."

Ilikuwa nyingi. Hospitali ilikuwa Nyeri, ng'ambo ya mto Gura.

"Mama aingie kwa gari yangu," Ambalal alisema. "Haraka! Fundi, wewe kaa naye nyuma."

Naomba usimame hapa, msomaji, kwa sababu Kingori alisimama hapa. Kwenye ghala la chama cha ushirika, umbali wa kuitana tu, kulikuwa na lori linaloshusha mbolea. Lilikuwa zima. Alihitaji kusema tu: gari hili si salama, iteni lori. Lakini Ngatia alikuwa amesimama pale, na benchi zima, na mwenye gari. Kingori akaingia nyuma, akakiweka kichwa cha mkewe mapajani.

Kwenye mteremko wa kwenda Gura ile sauti ilikua.

"Fundi, hii inalia ni nini?"

"Oili mpya, Bwana. Itatulia."

Wamucii alifungua macho. Alikuwa ameishi na sauti za magari miaka tisa. "Hiyo si oili," alisema polepole. "Baba Gathoni, hiyo ni nini?"

Kingori alikuwa akihesabu kona zilizobaki. Walivuka daraja. Ambalal akakanyaga mafuta kuukabili mlima, injini ikapiga kelele, na gari halikuongeza mwendo. Likapungua. Likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma kuelekea mtoni.

Ambalal alikanyaga breki kwa mguu wake mzima na kuvuta breki ya mkono. Moshi wa oili iliyomwagikia ekzosi ya moto ukaingia ndani. Kingori aliruka nje, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akarudi kumbeba mkewe mikononi na kumlaza kwenye majani ya kando ya barabara. Hapo ndipo aliposema.

"Nilijua. Ilivunjika nikiikaza."

"Ulijua ukinipakia?" Wamucii aliuliza.

"Nilijua."

Ambalal alivua koti akamfunika Wamucii.

Barabara ilikuwa tupu. Walikaa hapo muda ambao kila mmoja wao aliutaja kwa urefu tofauti, damu ikiendelea, mpaka lori lile lile la ushirika, limemaliza kushusha mbolea, likaja likirudi Nyeri. Likawachukua.

Wamucii alipona. Mtoto alikuwa wa kike. Daktari alisema kwamba mama angefikishwa mapema kidogo, mtoto angeweza kuishi.

FUNZO

Kazi inapokataa kuingia, simama uishushe. Kinachokataa kina sababu, na nguvu haiondoi sababu. Nanyi mnaokaa kwenye mabenchi, kicheko chenu kina uzito; kipimeni kabla ya kukitoa. Lakini kosa kubwa la nyumba hii halikuwa bolti. Fundi yeyote hukosea. Kosa lilikuwa kuijua hatari na kuinyamazia mbele ya watu, wakati neno moja lingetosha. Aibu ya kurudia kazi huisha kwa mwezi mmoja.

Juni mwaka huo gari la Ambalal lilikuwa tena juu ya shimo, na pampu mpya. Giaboksi ilipanda, ikasimama kabla ya kufika. Kingori akaishusha mbele ya benchi zima. Ngatia alikuwapo; alitazama chini. Konvata ikazungushwa, ikadondoka mara ya tatu, giaboksi ikapanda tena na kugusana na injini bila kulazimishwa.

Wamucii alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo. Alifungua fundo la leso yake, akatoa sarafu mbili za shilingi, akampa mumewe. Zikaingia.

"Inazunguka?" aliuliza.

Kingori aliizungusha kwa mkono mmoja ili mkewe aone.