Mgeni Kakataliwa Kuingia

"Bibi harusi aingie kabla ya saa tano."

Ujumbe huo uliingia kwenye Samsung ya Nadhira akiwa juu ya ukuta wa yadi ya makontena, Changamwe, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na mbwa wawili wa ulinzi wakimsubiri chini.

Aliusoma. Akaufuta. Akaruka.

Mbwa wa kwanza alimtazama machoni, akaona aliyoyaona, akaenda zake kulala. Wa pili akamfuata mwenzake.

Lugha hiyo ya mafumbo ilitungwa na Kioko, mtaalamu wa kompyuta wa Idara ya upelelezi, ambaye kazi yake yote aliifanya Nairobi juu ya kiti cha kuzunguka. Kila ujumbe wake ulikuwa wa harusi. Mwenyewe hajaoa.

Maana yake ilikuwa hivi. Ndani ya yadi ile malori thelathini na moja yalikuwa yamepanga foleni, yote yamebeba makontena ya buluu. Moja kati yake lilijaa dawa bandia ya malaria ya watoto, chupa elfu arubaini. Mwezi uliopita shehena ndogo ya dawa hiyo hiyo ilifika Utange. Watoto saba waliinywa. Wawili hawakuamka.

Saa tano kamili malori yangeondoka. Hati ya mahakama iliruhusu kufunguliwa kontena moja tu, na nambari yake ilikuwa mahali pamoja: ndani ya kompyuta ya ofisi ya yadi, kwenye akaunti ya mgeni.

Naam, akaunti ya mgeni. Mwenye mzigo, mtu wa ng'ambo aitwaye Voskuil, alikuwa na imani kwamba ukiingia kompyuta kwa akaunti ya mgeni huachi alama. Ati mgeni ataulizwa nini? Hizo ndizo akili zilizotaka kuitia sumu pwani nzima.

Nadhira alivaa koti la fundi. Kiunoni Glock 19. Mkononi Casio yenye dira, kamera na dawa ya kulaza ng'ombe. Ndani ya kisigino cha kiatu, antena.

Mlangoni alimkuta Mzee Kaingu, tarishi wa ofisi, anafagia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe umepitia wapi? Geti si limefungwa?"

"Nimepitia juu."

"Haya, karibu. Ndiwe fundi?"

"Ndimi."

"Afadhali. Aidarus karani leo hajaonekana, na bwana mkubwa yuaja saa tano kwa hiyo kompyuta yake."

Aidarus asingeonekana. Alfajiri ile Nadhira mwenyewe alimnyakua kwa amri ya Kioko, na sasa yuko nyumba ya Idara kule Shika Adabu, analishwa mahamri na anataja kila anachokijua. Nenosiri la akaunti alilitaja kabla hata hajaulizwa.

Nadhira aliketi mbele ya Dell kuukuu. Akachagua Mgeni. Akaandika nenosiri.

Imekataa.

Akaliandika tena, herufi moja moja.

Imekataa.

Akabonyeza kidude cha sikioni. "Kioko."

"Nakupata. Bibi harusi ameingia?"

"Wacha upuuzi. Akaunti imekataa."

"Imekataa aje? Angalia kama Caps Lock imewaka."

"Haijawaka."

"Basi ni kibodi. Chomeka ingine."

Akachomeka nyingine kutoka kabatini. Imekataa.

"Zima, uwashe."

Akazima kwa kitufe, akawasha. Imekataa.

"Hiyo kitu inasema nini kwa skrini?"

"Yasema akaunti hii hairuhusiwi kuingia kwa saa hizi. Nimekutumia picha yake dakika tano zilizopita."

"Nimeiona. Hiyo ni uongo," alisema Kioko, kwa sauti ya mtu aliyesomea. "Niko na maelezo ya huyo karani hapa. Akaunti ya mgeni iko wazi kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Huko ni saa ngapi?"

Nadhira alitazama juu ya kioo cha kompyuta. Tarakimu nyeupe, kubwa: 4:21.

"Saa nne na dakika ishirini na moja."

"Hata hapa. Basi saa haina shida. Hiyo ni kirusi. Chomeka ile flashi yangu."

Flashi ya Kioko ilitengenezwa kwa miezi minane. Ilikuwa na programu ya kuvunja benki kuu za nchi tatu. Nadhira aliichomeka.

Taa ya kijani. Taa nyekundu. Moshi.

"Imefanya?" Kioko aliuliza.

"Imefanya moshi."

Redioni sauti nyingine ikapenya. Sajini Lewa, aliyejibanza getini na askari sita. "Fundi, hapa Lewa. Madereva wameanza kuwasha injini. Nipe nambari."

"Subiri."

"Nisubiri mpaka lini, dada?"

Nadhira aliikodolea macho mashine. Alikwisha kuruka kutoka ndege inayowaka. Alikwisha kuogelea Mtongwe hadi Kilindini na mtu begani. Leo anashindwa na mashine ambayo karani Aidarus, mtu anayelia akiona sindano, huifungua kila siku kabla ya chai.

Kila siku. Isipokuwa leo.

Aligeuka. "Mzee Kaingu. Leo nani aliyeiwasha hii?"

Mzee akaegemea fagio lake kwa fahari. "Mimi! Usiku stima ilipotea, na mashine hii betri yake ya ndani ilikufa zamani. Stima ikipotea yasahau mpaka jina la mamake. Asubuhi lazima uipe tarehe na saa ndipo iamke. Aidarus ndiye huifanyia. Leo hayuko, nikaifanyia mwenyewe."

"Ukaipa saa ngapi?"

"Ilikuwa saa mbili, nikaipa mbili. Kwani mimi sijui saa? Tazama mwenyewe." Akanyoosha mkono, saa yake ya kizamani, iliyotegwa kwa hesabu ya Kiswahili, ikionyesha nne na nusu kasoro dakika tano, mshale mfupi umeshaipita nne. "Zaenda sawa na hiyo mashine, hata dakika haikupungua."

Nadhira alitazama saa ya mzee. Akatazama kioo: 4:25. Akatazama Casio yake: 10:25.

Akacheka kwa pua.

Mashine ilidhani ni saa kumi alfajiri, akaunti bado haijafunguliwa. Yeye, mtu wa pwani, ameiona nne na kuisoma saa nne, kama angefanya mamake na bibi yake, na hakuona kosa lolote. Hilo alijisamehe. Lakini Kioko! Kioko wa simu tatu na saa ya kidijitali ukutani, aliyeletewa picha yenye 4 kubwa kama mlango, akatafuta kirusi!

"Kioko."

"Eeh, nimepata wazo. Tutarusha setilaiti—"

Akamzima.

Alishika waya wa umeme, akaung'oa ukutani. Akahesabu hadi kumi. Akaurudisha. Mashine ikaamka bila kumbukumbu, ikaomba tarehe na saa.

Akaipa tarehe. Akaipa saa: 10:28.

Mgeni. Nenosiri.

Imefunguka.

Voskuil hata hakuficha. Faili lilikaa katikati ya kioo, jina lake "Sharubati". Akalifungua.

"Lewa. Nambari inaishia nne, nne, saba, moja."

"Nne, nne, saba, moja. Lori la tisa. Nalifungua."

Mlango nyuma yake ukagonga ukuta. Voskuil mwenyewe, nusu saa kabla ya wakati, suti nyeupe, na mlinzi mwenye upana wa friji. Mlinzi alipeleka mkono ndani ya koti. Nadhira alimtupia ile kibodi ya akiba, ikampata kwenye paji la uso. Friji likaanguka. Glock ikamwelekea aliyebaki.

"Mikono juu ya meza, bwana."

"Unakosea," alisema Voskuil kwa Kiswahili cha darasani. "Ile ni dawa safi. Nina vyeti kumi na viwili."

Lewa akaingia akitweta, chupa moja mkononi, kifuniko bado na utepe wake. Nadhira aliifungua, akamimina kijiko kwenye kikombe cha chai cha Kaingu, akakisogeza mezani.

"Safi? Haya, kunywa. Kijiko hiki kimoja tu, na malori yote yaondoke."

Voskuil alikitazama kikombe. Jasho likamtoka puani. Lewa akangoja na kalamu yake. Kaingu akangoja na fagio lake.

Mkono wa Voskuil haukuondoka mezani.

"Andika, sajini," alisema Nadhira. "Amekataa."

Akachomeka bastola kiunoni, akaimwaga sumu ile kwenye sinki, akamrudishia mzee kikombe chake. "Kisugue sana kwa sabuni, baba."

Kisha akatoka kwenda kunywa maji ya madafu, taratibu, kama mtu aliyekuja kutengeneza kompyuta.