Nafasi ya Kesses

Kila jioni Awuor alipotoka shuleni, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha jiko na kuinjika chai. Kazi yake ya pili, ambayo aliipenda zaidi, ilikuwa kumngojea Aunty Marion. Marion alikuwa dada mdogo wa Baba, na aliishi nao mtaani Kapsoya tangu alipopata kazi katika shirika dogo linalowatoa watoto katika mitaa ya Eldoret na kuwarudisha kwa jamaa zao. Aliingia na viatu vimejaa vumbi, akavivua mlangoni, akachukua kikombe kikubwa kuliko vyote, kisha akaanza kusimulia ya siku hiyo.

Mwaka huo habari kubwa nyumbani ilikuwa masomo ya Marion. Alitaka kusomea shahada ya uzamili katika kazi za ustawi wa jamii, na aliomba nafasi katika vyuo viwili. Chuo cha kule Kesses, ambako angeweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, kilimkubali kwanza. Aliyempigania huko alikuwa Daktari Jepkosgei. Huyu hakuwa daktari wa sindano na vidonge bali daktari wa vitabu, na ndiye aliyemfundisha Marion zamani. Marion alijibu siku hiyo hiyo kwamba ameikubali nafasi. Jumapili wakatoa shukrani kanisani. Baba alisimama mbele akiwa amevaa koti lake la harusi, ambalo kwa kweli lilikuwa limeshambana tumboni, na Mama alipiga vigelegele mpaka mchungaji akacheka.

Koti halijakaa kabatini sana, chuo cha Nairobi nacho kikajibu. Nako Marion alikuwa amekubaliwa.

"Ya Kesses ni masters nzuri," Marion aliwaeleza wakiwa mezani, "lakini ni mambo ya mipango na sera. Ile ya Nairobi ni ya watoto wenyewe. Unafunzwa kuongea na mtoto aliyeumizwa, unaingia na yeye kortini. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Baba aliacha kula. "Na moyo wako uko wapi?"

"Uko Nairobi."

"Basi enda. Lakini huyo Daktari mwambie mapema, asije akaona umemdharau."

"Nitamwambia kesho," Marion akajibu.

Kesho hiyo haikufika. Kila siku Marion alishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Alimwonea Daktari aibu, na alilionea kanisa aibu zaidi. Mtu ataanzaje kukataa kitu ambacho watu wamekishukuria kwa nyimbo na vigelegele? Mwishowe akajipa moyo kwa njia mbaya. Alijiambia kwamba akinyamaza, chuo kitafunguliwa, wataona hajafika, na mambo yatajimaliza yenyewe.

Jioni moja simu ya Marion ililia ikiwa juu ya meza. Marion aliliona jina, akarudi nyuma kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Ni Daktari. Awuor, pokea wewe. Mwambie siko karibu." Akaingia chumbani na kujifungia mlango.

Awuor alipokea. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole. "Hujambo, mtoto wangu? Marion yuko?"

"Hayuko karibu."

"Nimempigia sana siku hizi, hashiki. Si kawaida yake. Kuna shida?"

Hapo Awuor alitaka kumwokoa shangazi yake asionekane hana adabu. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Ni mgonjwa," alisema. "Amelazwa."

"Woi! Pole sana. Pole, mtoto wangu." Daktari aliuliza nyumba yao iko upande gani, na Awuor, ambaye alikuwa amezoea kujibu watu wazima, akamweleza. Marion alipotoka chumbani na kuuliza Daktari alisema nini, Awuor alimwambia kwamba alikuwa anasalimia tu. Huo ukawa uongo wa pili, na chai ilikuwa bado haijachemka.

Tangu hapo Awuor hakuwa na raha. Marion alipopiga chafya, yeye alishtuka. Aliwahi kusikia wanawake sokoni wakisema kwamba kumtajia mtu ugonjwa ni kumwitia, na sasa aliogopa kwamba amemwitia shangazi yake ugonjwa. Marion alipokosa hamu ya kula ugali, Awuor ndiye aliyelala na hofu. Ijumaa, wakati wa maombi shuleni, mwalimu aliwaomba wenye wagonjwa nyumbani wainue mikono. Awuor alikalia mikono yake. Alijiona mchafu, wala hakujua pa kuanzia kujisafisha.

Siku ya Jumamosi Mama alienda kwenye kibanda chake cha samaki sokoni, Baba akaenda kazini, na Marion akatoka kwenda mjini. Awuor alikuwa anafua sare yake aliposikia mlango ukibishwa. Nje walisimama mwanamke wa makamo aliyejifunga leso nzito mabegani, na mwanamume mrefu mwenye sweta ya kijani. Mwanamume huyo alibeba jerikeni ya maziwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ambayo watu wa huko hawaendi kumwona mgonjwa bila hayo.

"Wewe ndiye tuliongea kwa simu?" mwanamke aliuliza. "Mimi ni Daktari Jepkosgei. Tumekuja kumwona mgonjwa wetu."

Jambo hilo lingepaswa kumjia Awuor akilini tangu mwanzo. Hapo Eldoret ukisema mtu amelazwa, huwezi kuachwa hivi hivi. Watu watakuja, na hawatakuja mikono mitupu. Aliwakaribisha, akawapa viti, akasimama povu la sabuni likiwa bado mikononi.

"Bado yuko hospitali?" Daktari aliuliza. "Yuko wadi gani? Tunaweza kumfikia kabla ya saa za kuona wagonjwa kuisha."

Awuor aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Daktari alidhani ni huzuni, akamshika bega.

"Usilie, mama. Huyu ni Bwana Kipyego kutoka mji wa Burnt Forest. Huko anasaidia familia ambazo zilikosana zamani zikae pamoja tena. Naye aliomba masters kwetu, lakini nafasi zilijaa, kwa hivyo anangojea kama kuna mtu atajiondoa. Aliposikia nakuja kuona mgonjwa, akasema atanileta, na maziwa ni ya ng'ombe wake."

"Mimi ninangoja Kesses tu," Kipyego alisema kwa aibu kidogo. "Mama yangu ni mzee, siwezi kwenda chuo cha mbali nimwache."

"Lakini Marion asiwe na wasiwasi," Daktari aliendelea. "Nimewaambia ofisini nafasi yake isiguswe. Masomo yanaanza Jumatatu, lakini mgonjwa hanyang'anywi kiti chake."

Sasa Awuor alielewa alichokuwa amekifanya. Alikuwa akidhani uongo wake umemfunika Aunty Marion peke yake. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hakumjua, aliyekuwa akikosa shule kwa ajili ya uongo huo, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kochi lao.

"Kama hatutamkuta, basi tumwombee hapa," Kipyego alisema. Aliweka jerikeni chini, akasimama. Wote wakainamisha vichwa.

"Baba wa mbinguni," aliomba kwa sauti ya taratibu, "mwinue dada yetu Marion kutoka kitandani. Mpe nguvu aingie darasani na wenzake. Sisi wengine tuna afya, tunaweza kungoja."

"Amina," alisema Daktari.

Awuor hakuweza. Alijaribu kulitamka neno hilo dogo, likagoma. Kufumba macho na kuitikia amina juu ya uongo wake mwenyewe, huko alikuwa hajafika. Akaanza kulia kwa sauti.

"Amezidiwa?" Daktari aliuliza kwa hofu. "Sema, mtoto wangu."

"Si mgonjwa," Awuor alisema. "Hakulazwa. Hajaumwa hata kichwa. Nilidanganya mimi. Aunty anaenda kusoma Nairobi, na anaogopa kukuambia."

Kabla mtu hajasema lolote, mlango ulisukumwa. Marion aliingia huku akiburuta sanduku jipya la safari, lenye magurudumu, bado limefungwa kwa plastiki ya dukani. Aliwaona wageni. Aliyaona maziwa. Akamwona Awuor na machozi yake, akalielewa jambo lote.

"Marion," Daktari alisema, "naona umepona haraka."

Marion alisimama palepale na sanduku lake. Awuor alitarajia kwamba atageuka amkaripie mbele ya watu, na alikuwa tayari, kwa kuwa alistahili. Lakini Marion hakumkaripia.

"Daktari, huyu mtoto aliongeza chumvi, lakini mboga niliipika mimi," alisema polepole. "Mimi ndiye nilimpa simu. Kila siku nakaa na watoto nikiwaambia waseme ukweli hata kama unauma, halafu nikafika nyumbani nikamtuma mtoto aseme uongo. Nisamehe. Nilishindwa kukuangalia usoni baada ya vile ulinipigania."

"Unaenda ile programu ya watoto?"

"Ndiyo, Daktari."

"Ningekuwa wewe, ningechagua hiyo hiyo," Daktari alisema, na Marion akainua kichwa kwa mshangao. "Ulifikiri nilikupigania ndio nikufunge kamba? Mtu kujiondoa si matusi. Watu hujiondoa kila mwaka, nasi tunawatakia mema. Kitu kimeniumiza ni kukaa bila kujua, nikiambia watu ofisini kwamba mwanafunzi wangu anaumwa." Hapo sauti yake ilikuwa kali. "Kaa chini. Toa simu. Andika sasa, mimi nikiwa hapa."

Marion alikaa, akaandika barua pepe kwa chuo cha Kesses, kisha akaisoma kwa sauti. Alikishukuru chuo kwa nafasi aliyopewa. Alisema ameamua kusomea kwingine, kwa hivyo anaiachia nafasi hiyo apewe mwingine. Mwisho aliomba radhi kwa kuchelewa kuwaarifu. Akabonyeza, ikaenda.

"Ni hayo tu?" Awuor aliuliza huku akipangusa pua.

"Ni hayo tu," Marion alisema, na uso wake ulikuwa na aibu kubwa. "Ndiyo hayo nimeyakimbia siku zote hizi."

Daktari alimgeukia Kipyego. "Jumatatu ufike mapema. Wewe ndiye wa kwanza kwa wale wanangoja, na ofisi itakupa kiti hicho kwa haki yako."

Kipyego hakuruka kwa furaha. Awuor alimwendea, akasimama mbele yake.

"Nisamehe, Bwana Kipyego. Chukua maziwa yako urudi nayo. Hapa hakuna mgonjwa."

"Maziwa yakishaingia nyumba ya watu hayarudi," alijibu. "Mtakunywa tu. Lakini wacha nikuambie kitu, dada mdogo. Asubuhi kwa gari nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Daktari atoe jina langu. Niliona vibaya kukaa nikingojea kiti cha mtu aliyelazwa. Niliona ni kama namwombea asipone. Nilikuwa nimesema, tukitoka hapa, nitajiondoa."

Uongo wa Awuor ulikuwa umebakisha kidogo tu kumfukuza mtu huyu kwenye ndoto yake, tena kwa sababu ya wema wake mwenyewe Kipyego. Awuor alilia tena, na safari hii hakujificha.

Daktari alimvuta karibu. "Nisikize vizuri, Awuor. Wewe ulitaka kumsaidia shangazi yako, najua. Lakini uongo haumgusi tu yule unayemdanganya. Unaenda mpaka kwa watu wewe hujawahi kuwaona, na unawaumiza bila wewe kujua. Kumwambia mtu 'nimebadilisha nia' ni vigumu mara moja, kisha inaisha. Kumwacha akingoja kitu ambacho hakiji ni kumwibia siku zake. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Leo umesema kwa wakati."

"Na Jumapili nitawaambia watu wa kanisa mimi mwenyewe," Marion aliongeza. "Hiyo sitamtuma mtu."

Wakanywa chai pamoja, chai yenye maziwa mengi kuliko ilivyo desturi ya nyumba hiyo. Wageni walipokwisha kuondoka, Marion alimwambia Awuor amalizie kufua, nao wangewaeleza Baba na Mama jioni, wakishapumzika.

Awuor aliitazama sare yake ndani ya karai. Kisha akaikamua, akaianika, akafunga viatu vyake. Mama alikuwa bado sokoni, na hakujua lolote. Awuor alishika njia ya kwenda huko mbio, akamweleze yote kwa kinywa chake kabla hajaulizwa.