Wifi wa Mlangoni

"Gulzat yuko wapi? Simu yake inaita tu."

Meerim aliibana simu kwa bega, akasogea mbali na mlango wa chumba chao cha bweni. "Amelala, Adilet. Mafua tu hayo. Nimetoka kumnywesha supu sasa hivi."

"Ana homa?"

"Imeshuka. Nimemshika paji la uso."

"Ubarikiwe. Mama anasema amepata binti wa pili kabla hata hajamlipia mahari. Jumamosi anakuja kwenu Nookat na hereni za fedha za marehemu bibi. Tangu juzi anazisugua, utadhani anavishwa yeye."

"Msalimie sana."

"Nitamsalimia, mama wa wanangu."

"Wanao wenyewe wako wapi?"

"Wako njiani," Adilet akacheka, kelele za mashine ya zege zikammeza. Alikuwa Bishkek, kwenye ujenzi.

Meerim alikata simu, akaegemea ukuta. Hakuwa amemshika mtu paji la uso. Supu ilikuwa kwenye chupa, sakafuni nje ya mlango, na aliyekuwa ndani, Gulzat, dada yake Adilet, hakuwa na mafua.

Yote yalianza Jumatatu, Gulzat alipokaa kitandani akishika kioo.

"Wifi, hebu nitazame machoni. Ni mimi au ni taa?"

Meerim alitazama. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Aliinuka, akachukua mto wake.

"Unakwenda wapi na mto?"

"Gulzat, hiyo ni homa ya ini. Mlezi wa bweni akijua atafunga chumba, wewe hospitali, mimi nizuiwe humu mpaka wanipime na kunipima tena. Jumamosi itapita hivihivi."

"Na mama ameshaalika ukoo mzima."

"Kondoo wameshanunuliwa."

Gulzat alifikiri, kioo kikiwa mapajani. Yeye ndiye aliyewakutanisha hawa wawili, yeye ndiye aliyebeba salamu zao mwaka mzima. Na kwao, mama wa mwanamume akishakuvika hereni, umeshakuwa wake, hakuna tena mwanamume mwingine wa kuja kukuposa.

"Basi sitasema," alisema. "Hama, ukalale kwa kina Burul. Usije ukavishwa hereni una macho ya paka."

Wakacheka wote wawili. Ndivyo walivyokubaliana, kwa kicheko.

Tangu hapo Meerim hakuvuka kizingiti. Kila asubuhi alikuja na kikaango chenye matawi makavu ya archa, mti wa milimani wenye harufu kali, yanayofuka, akapunga moshi mlangoni kama alivyofundishwa na nyanya yake, moshi wa kufukuza maradhi. Gulzat alikohoa humo ndani.

"Wifi, unaufukuza ugonjwa au unanifukuza mimi?"

"Ugonjwa."

"Basi ingia uufukuze huku uliko."

"Nina kipindi saa hii, nitarudi."

Hakurudi. Aliacha chai na mkate pale chini, akaenda kunawa mikono mpaka vidole vikakunjamana. Burul, mwenye chumba alikohamia, alimvizia kwenye sinki.

"Unamlisha kwa kizingiti kama kuku?"

"Burul, mimi naolewa."

"Na nani? Si na kaka wa huyo kuku?"

"Niache."

"Nimekuacha. Ila ukinilalia tena kitandani kwangu, usigeuke-geuke usiku kucha. Mwenye amani halali hivyo."

Ujumbe wa Gulzat ulikuwa unaingia mmoja mmoja.

*Wifi, maji yameisha.*

*Wifi, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya jana. Ni kawaida?*

*Nimeona umesoma. Hamna shida, najua una vipindi.*

Meerim aliujibu wa pili tu: *Ni kawaida, kunywa maji.* Maji ambayo alishaambiwa yameisha.

Ijumaa ujumbe haukuja. Mwanzoni alishukuru. Halafu akakumbuka kwamba gauni lake la kesho, la buluu, limo kabatini mle ndani, na gari la Nookat halimsubiri mtu. Alijifunga mtandio puani, akavuta pumzi kama anayezama mtoni, akaingia.

Chupa za supu zilikuwa zimepangwa chini ya kitanda, zimejaa. Gulzat alilala ubavu, midomo imepasuka, ngozi ina rangi ya nta.

"Mama," alisema. "Mama, umechelewa."

"Ni mimi."

"Mama, usimwambie Adilet."

Meerim alifungua kabati, akalitoa gauni, akatoka. Alishuka ngazi. Alivuka ukumbi. Alifika getini, gauni kwapani, dereva akamwita, "Dada, Nookat? Kimebaki kiti kimoja." Hapo miguu ikakataa. Aligeuka, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la mlezi wa bweni.

"Mama, mwenzangu anakufa juu."

"Tangu lini anaumwa?"

"Tangu Jumatatu."

Yule mama alimtazama, akalitazama gauni, akanyanyua simu kuita gari la wagonjwa.

Jumamosi, badala ya Nookat, walikutana uani mwa hospitali, chini ya madirisha ya wodi ya magonjwa ya kuambukiza. Pale haingii mtu. Ndugu husimama chini, mgonjwa juu dirishani, wakiongea kwa simu. Meerim alikuwa ameshapimwa asubuhi. Damu safi. Alikuwa amefanikiwa, na kila aliyempongeza alimwona kama anamzaba kofi.

Adilet alifika na mama yao, Mama Sonun, mwanamke mnene mwenye kilemba cheupe. Mama alimkumbatia Meerim kwanza, kabla hata ya kuangalia juu.

"Mwanangu, umekonda. Umemuuguza peke yako wiki nzima."

"Mama, mimi..."

"Nyamaza, pumzika." Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. Dirishani Gulzat akatokea, wa manjano kama limau bivu, akapunga mkono.

"Daktari kasema ningechelewa siku moja tu, mngenikuta kaburini," sauti ilisema. "Lakini nipo. Mama, wifi amenihudumia vizuri. Supu kila siku."

"Najua. Nimemwambia kaka yako, mkwe nimepata." Mama Sonun akafungua fundo la kitambaa, hereni zikang'aa kwa jua la mchana. "Wageni tumewarudisha, kondoo watangoja. Lakini kwa hili sihitaji wageni. Sogea, mwanangu."

Adilet alitabasamu kwa uchovu. "Mwache akuvishe, mpenzi. Tumalize."

Mkono wa mama ulikuwa umeshagusa sikio. Meerim akaushika.

"Mama, usinivishe. Sikumhudumia."

"Supu si kasema?"

"Niliiacha nje ya mlango. Hakuwa na nguvu za kufungua chupa. Niliogopa kuugua nikakosa leo. Nilimwambia asiseme kwa mtu. Aliniomba maji sikumpa."

Adilet akasogea. "Ngoja. Ulisema ulimshika paji la uso."

"Sikumshika."

"Ulisema homa imeshuka."

"Sikujua kama imeshuka."

"Na jana? Si wewe uliyeita gari?"

"Nilichukua gauni kwanza," Meerim alisema. "Alikuwa ananiita mama. Nikachukua gauni, nikafika nalo getini."

Simu ilikuwa bado wazi. "Mama," Gulzat alisema kutoka juu, "mimi pia nilikubali. Nilimtaka wifi kuliko nilivyomtaka daktari. Mvishe."

Mama Sonun alizifunga tena hereni kitambaani, fundo moja, kisha la pili.

"Masikio yamemsikia mwanangu akiomba maji, yakanyamaza," alisema, bila kupandisha sauti. "Nitayavika nini?"

Akaenda kukaa kwenye benchi, akawapa mgongo wote watatu. Adilet akamfuata.

Simu ya Meerim ikaita. Ilikuwa ya Gulzat, kutoka dirishani.

"Bado upo?"

"Nipo. Gulzat, nisamehe."

"Nilikuwa nakuona miguu chini ya mlango, unajua? Unasimama muda mrefu. Nilikuwa nasema, leo ataingia."

Meerim akaziba mdomo kwa kiganja.

"Usilie, wanatutazama. Daktari kasema nile viazi vya kuchemsha, visivyo na mafuta."

"Nitaleta kesho. Kila siku nitaleta."

"Usimpe muuguzi ukakimbia. Simama hapohapo nikuone nikila."

"Nitasimama."

Kesho yake alikuja na sufuria imefungwa kwa taulo. Adilet alikuwa uani, peke yake, ndevu hazijanyolewa.

"Nilidhani umerudi Bishkek," Meerim alisema.

"Gari limeondoka bila mimi."

"Umebaki..."

"Nimebaki kwa ajili ya dada yangu." Aliitazama sufuria, kisha uso wake. "Na wewe nakutazama. Sijui nitaona nini, Meerim. Usiniulize leo."

"Sikuulizi."

"Mama pia anatazama. Yuko kule nyuma ya ukuta, anajifanya ananunua mkate."

Sufuria ilikuwa ya moto, inamuunguza vidole kupitia taulo. Adilet aliona. Alishika upande mmoja, Meerim akabaki na ule mwingine, wakaipeleka hadi mlango wa wodi. Muuguzi akaipokea. Kisha Meerim akarudi katikati ya uani, mahali palipo wazi, akainua uso dirishani, akasimama.