Nyoka Mzima

Kila asubuhi ya likizo, kazi yangu ya kwanza karakanani ilikuwa kumkagua nyoka. Nyoka ni jina tuliloupa waya mrefu mweusi unaotoka ukutani hadi kwenye mashine ya kuchomelea vyuma. Mama, ambaye ndiye fundi na mwenye karakana, alitaka kwanza plagi ichomolewe. Kisha nipitishe viganja juu ya waya, kutoka mwanzo hadi mwisho, nikitafuta mahali palipochubuka. Nikimaliza naita, "Nyoka mzima!" Hapo ndipo Mama anapovaa glavu na maski yake ya kioo cheusi, na kazi inaanza.

Niliichukia kazi ile. Waya ulilala kwenye grisi na vumbi la chuma, na viganja vyangu vilitoka vyeusi hata sabuni ikashindwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mjanja kuliko wote.

Kaka yangu hatukumhesabu miongoni mwa wajanja. Alikuwa na miaka kumi na saba, anajifunza ufundi kwa Mama, mpole, mzito wa kusema, na kila kitu alikitazama mara tatu kabla ya kukigusa. Nikampachika jina la Konokono. Kasuku, mfanyakazi wetu wa grenda, mashine ya kusagia chuma, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akalieneza mtaa mzima.

"Konokono, hilo geti utalimaliza ukiwa na wajukuu?" Kasuku alikuwa akiuliza.

"Wajukuu watamsaidia kulipaka rangi," nilidakia mimi, na karakana nzima ikacheka. Kaka alitabasamu tu, akaendelea kukagua kazi yake.

Jumatano moja mkokoteni uliojaa vyuma ulipita juu ya waya pale mlangoni. Nililiona gurudumu likiukanyaga. Lakini asubuhi ya Alhamisi nilikuwa na kitabu cha hadithi cha kuazima, kurasa zake nyeupe pe, na mwenyewe alikitaka mchana. Sikutaka kukichafua. Nilisimama kidogo karibu na ukuta, nikaita, "Nyoka mzima!" Nikachomeka plagi. Mama akanigeuzia mgongo nimfungie aproni yake ya ngozi, ambayo usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameitia kamba mpya nyeupe. Nikaifunga, nikarudi kwenye hadithi yangu.

Saa nne Mama alitoka nje kupima mlango wa mteja. Kasuku alikuwa amemwaga maji sakafuni akipoza chuma, na sasa grenda yake ilikuwa inapiga kelele za kuziba masikio. Mimi nilikaa kwenye benchi, kando ya swichi. Kaka alipofika mlangoni aliona shaba inang'aa pale waya ulipochanika. Akachukua utepe mweusi wa umeme ili aufunge. Kabla ya kuinama, alipaza sauti kuniuliza, "Imezima?"

Alitaka kujua kama mashine imezima. Katika zile kelele mimi nilisikia, "Mzima?" Nikadhani ameugundua uongo wangu.

"Mzima!" nikajibu kwa ukali. "Mzima kabisa!"

Naye akasikia, imezima kabisa. Maisha yake yote Kaka alitazama mara tatu. Siku ile moja aliniamini mimi.

Hakupiga kelele. Mwili ulikakamaa, mkono ukang'ang'ania waya, macho yakanitazama bila kuniona. Nilikimbia nimvute. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake Mama alipoingia mbio kutoka nje, akanisukuma nikaanguka juu ya vyuma.

"Usimguse! Utakufa naye!" Akaruka hadi ukutani na kuizima swichi kuu. Kaka akaanguka chini kwenye maji.

Alipona. Lakini hospitalini kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua hadi ndani, na daktari akakata vidole viwili.

Kaka alipokuja karakanani mara ya kwanza, mkono ukiwa na bendeji, Kasuku hakumwonea huruma. "Nani anashika waya wenye moto? Hata mtoto mchanga anajua."

Watu walinigeukia, maana nilikuwepo. Nami nikasema, "Mimi nilisema mzima. Yeye kasikia imezima. Nifanyeje, kwani masikio ni yangu?"

Walicheka. Kasuku akasema sasa tumjue vizuri, Konokono hana masikio. Kaka aliinamisha kichwa. "Labda nilisikia vibaya," alisema. Nami nikamwacha aubebe mzigo wangu.

Mama hakucheka. Alitungua aproni yake msumarini, akaiweka mapajani kwangu.

"Ulisema mzima," aliniambia. "Ulijuaje kuwa ni mzima?"

"Nilimkagua, Mama."

"Kamba hii ilikuwa mpya asubuhi ile. Ulinifungia wewe, kwa mikono yako, na tangu siku ile sijaivaa. Mkono uliomkagua nyoka huacha alama nyeusi. Nionyeshe alama."

Niliigeuza kamba huku na huku. Ilikuwa nyeupe pe, kama kurasa za kile kitabu. Mbele ya Kaka, Kasuku na mafundi wote, nikasema ukweli: nililiona gurudumu, sikukagua, niliogopa kuchafuka.

Kaka alinigeukia.

"Nilikuuliza kwa sababu nilijua wewe hukosei," alisema, akatoka nje. Afadhali angenipiga kofi.

Mama hakunibembeleza. "Umeme hausikilizi maneno, mwanangu. Ukimdanganya mwalimu, utaadhibiwa. Ukidanganya hapa, anaumia mwenzako. Na mimi nina kosa langu: niliweka roho za watu kwenye neno la mtoto, wala sikutazama mwenyewe. Kuanzia leo waya uliochubuka haufungwi utepe, unabadilishwa. Maji hayamwagwi sakafuni. Na hakuna kuulizana kwa mdomo. Anayetengeneza achomoe plagi mwenyewe, aiweke mfukoni mwake."

Yule nyoka akakatwakatwa na kutupwa, tukanunua mwingine. Jina la Konokono nalo likafa. Hakuna aliyethubutu kulitamka tena, hata Kasuku.

Miezi minne baadaye Kaka alirudi kazini, akajifunza upya kuchomelea kwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi ya likizo naukagua waya mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha nasimama mbele yake. Sisemi neno. Nampa plagi, namwonyesha viganja vyangu vyeusi.

Anatazama plagi. Anatazama viganja. Kisha anainama na kuukagua waya wote yeye mwenyewe, kwa vidole vitatu vilivyobaki, nami nasimama pale pale nikimsubiri amalize.