Isale Katikati ya Maua

Jumamosi ile soko kuu la Moshi lilikuwa na kelele zake zote, isipokuwa kwenye kona ya wauza vitunguu, ambako watu walikuwa wamejazana kimya kuwatazama wengine wawili wasiofanya lolote. Palikuwa na viti viwili vya plastiki vilivyotazamana. Mnakaa, mnaangaliana machoni, hakuna kusema wala kugusana. Wa kwanza kucheka ameshindwa, na aliyeshindwa humbebea mshindi mizigo yake mpaka nje ya soko. Nani aliyeubuni mchezo huo hakuna anayekumbuka, lakini watu wa Moshi wakipata cha kuchekea hawaulizi kimetoka wapi.

Theodora alikuwa na boga kubwa mkononi na raba nyeupe miguuni, na gauni lake la njano lilionekana toka mbali. Siku tano za juma alikaa mapokezi kwenye kliniki ya meno akiwaambia watu wasubiri. Ikifika Jumamosi miguu ilimwasha. Asingeweza kukaa chumbani kwake Majengo hata kwa dawa. Aliweka boga chini, akakalia kiti.

Aliyekuja kukaa mbele yake alikuwa kijana mrefu, kofia ya kufuma imesukumwa kisogoni, vidole vina makovu madogo madogo ya sindano. Alimtazama Theodora kwa uso mkavu kama wa hakimu. Theodora akamtazama. Kisha, taratibu sana, Theodora akainua nyusi moja tu, na yule kijana akaangua kicheko mpaka kofia ikaanguka.

Alilibeba boga mpaka nje, akapitiliza, akalibeba mpaka Majengo. Njiani alimweleza kwamba anaitwa Anwar, kwamba yeye na baba yake hushona na kuziba mahema ya wapanda mlima katika karakana iliyo nyuma ya msikiti, na kwamba hajawahi kushindwa mchezo ule mpaka leo. Theodora alimwambia hiyo ni aibu yake mwenyewe. Alipofika nyumbani namba yake ilikuwa tayari kwenye simu ya Anwar, imeandikwa "Boga".

Tangu hapo Jumamosi zao hazikuwa za watu wenye akili timamu. Walishindana mbio za matoroli, Theodora amekaa ndani, Anwar anasukuma, wakaishia kwenye meza ya muuza ndala. Walikwenda kusikiliza shindano la majogoo kuwika, na jogoo aliyetarajiwa kushinda akalala usingizi. Anwar alikuwa akipiga simu Ijumaa mchana, sauti ya chini kama mpelelezi.

"Boga langu, kesho uko wapi?"

"Kesho niko popote penye vurugu, Bwana Hema."

"Basi vaa viatu vya tope."

Ndivyo walivyofika Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, siku wakulima waliposhindanisha masanamu yao ya kufukuza ndege. Wao walilivika la kwao koti kuukuu la baba yake Anwar na miwani ya jua, wakalisimamisha kwa fahari, na ndege wakaja kulitulia mabegani. Wakawa wa mwisho. Wakati wa kurudi, wakitembea juu ya kingo za majaruba, Anwar alimshika mkono akasema hataki kuwa mtu wa Jumamosi tu. Theodora aliogopa. Alimpenda, hilo alilijua vizuri, lakini aliogopa, akaanza kuzungumza habari za vyura.

Hofu yake ilikuwa na jina. Iliitwa Martin. Huyo alikuwa mchumba wake wa zamani, mtu wa mlimani kama yeye, na kila alipokamatwa na mwanamke mwingine alileta isale. Kwa Wachaga isale si pambo. Ni jani refu la kijani linalopandwa mpakani mwa shamba la nyumbani, na aliyekosa hulifunga fundo akamletea aliyemkosea. Likishafika, hukatai. Unasamehe. Martin alilijua hilo akalitumia kama tiketi, na Theodora akasamehe na kusamehe mpaka moyo ukamchoka. Aliapa kwamba isale jingine halitaingia mlangoni kwake.

Baada ya Mabogini, Anwar akaanza kukosekana. Jumamosi moja alisema ana kazi ya mahema, simu ikazimwa mchana kutwa. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo, na alipopatikana jioni alikuwa akisitasita katika kila jibu. Theodora alikwenda peke yake kwenye kwaya ya watu wasiojua kuimba, iliyokusanyika uwanjani kupiga kelele kwa pamoja. Wengine walilia kwa kucheka. Yeye alitazama simu yake mara kwa mara, kisha akaondoka kabla ya wimbo wa pili.

Ndipo ikaja siku yake ya kuzaliwa, na shada likaletwa mapokezi: waridi, maua meupe, karatasi ya kumetameta, kadi ya Anwar. Na katikati, limekunjwa na kufungwa fundo, isale.

 Theodora aliingia stoo, akafunga mlango, akapiga simu.

"Anwar, umefanya nini?"

Upande wa pili cherehani ikasimama.

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, Dora. Nilitaka nikueleze mwenyewe, tukiwa tumekaa. Nilijua utakasirika kidogo."

"Kidogo," alisema Theodora, akakata simu.

Akamfungia namba. Shada alilirudisha kwa bodaboda karakanani, lote kama lilivyokuja. Anwar alifika kliniki kesho yake amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Theodora akatuma neno kwa mlinzi kwamba hataki kumwona. Anwar alisimama nje kwa muda, akaondoka, hakurudi tena. Kumbe anajua kosa lake, aliwaza Theodora, na wazo hilo lilimuuma kuliko lingine lolote.

Jumamosi zikawa ndefu. Alifua nguo safi. Alipanga vyombo, akavipangua. Alishuka mpaka sokoni, akaviona vile viti viwili, akageuza njia. Alimkumbuka Anwar mpaka akajichukia.

Halafu, mchana mmoja wa kazi, dada mmoja aliingia kliniki na shada la kumshukuru daktari wa meno. Lilikuwa na waridi, maua meupe na karatasi ya kumetameta. Katikati yake lilikuwapo isale lililofungwa fundo. Theodora aliuliza ni nani amemkosea daktari.

Yule dada hakuelewa. Alisema ametoka Singida na hana muda mrefu tangu afungue duka la maua hapa mjini, na jani lile analiweka kwenye kila shada kwa sababu linakaa kijani na kushika umbo.

"Kila shada?" Theodora aliuliza.

"Kila moja, dada. Kwani lina ubaya?"

Theodora alikaa chini. Lakini kama isale halikuwa ungamo, mbona Anwar mwenyewe alikiri? Swali hilo lilimnyima usingizi, na kulipopambazuka alipanda bodaboda mpaka Uru, mlimani, kwa mama yake. Akili yake ilikwama palepale, na mtu akikwama hurudi kwao.

Mama yake, Margareta, alikuwa akimenya ndizi kibarazani. Theodora alimwamkia shikamoo, akakaa, akaeleza yote bila kupumua. Mama aliendelea kumenya mpaka ndizi ikaisha mkononi.

"Yule kijana wa mahema amefika hapa mara mbili," alisema hatimaye. "Mara ya kwanza aliogopa, akazungumzia mvua. Mara ya pili akaniuliza kama Mwislamu anaweza kuja kumposa binti yangu, au nitamfukuza."

"Ukamjibu nini, mama?"

"Nikamwambia akuulize wewe kwanza, yaliyobaki tutayaongea na wazee wa pande zote, na hayatakuwa mepesi. Akaniomba nisikutangulizie habari. Nikanyamaza. Alikula mtori akaumaliza."

Theodora alijifunika uso na viganja. Kwa hiyo hiyo ndiyo siri ambayo Anwar alidhani imevuja. Alikiri kwamba alipanda Uru bila kumwambia, na akajibiwa kwa kukatiwa simu. Bila shaka alidhani amekataliwa.

Mama aliingia shambani, akachuma isale mpakani, akampa. Alimwambia alifunge mwenyewe, kwa kuwa kosa ni lake.

Karakana ilinuka gundi na turubai. Anwar alikuwa kwenye cherehani, hema la kijani limemfunika mapajani, na baba yake alipomwona mgeni alikumbuka ghafla kwamba ana mtu wa kumwona nje. Theodora alivuta kigoda akakaa mbele ya Anwar, magoti karibu na magoti.  Alimnyoshea isale.

Anwar alilitazama fundo. Uso wake ulikuwa mkavu kama siku ile sokoni.

"Majirani zetu Wachaga wameshanieleza maana yake," alisema. "Wamenicheka sana. Nikajua ulichodhani, ila nikahofia hata ukweli wa safari zangu za Uru hutautaka."

"Nimekukosea, Anwar."

"Nasikia hairuhusiwi kukataa."

"Hairuhusiwi."

Alilipokea. Kisha akanyosha mkono dirishani nyuma yake akashusha kopo la rangi lenye maji. Ndani yake lilisimama isale la lile shada, na chini ya kikonyo chake vilikuwa vimetoka vizizi vyeupe, vyembamba.

"Maua yote yalikufa," alisema. "Hili likagoma. Nikaona aibu kulitupa."

Alimtazama machoni. Halafu, taratibu sana, akainua nyusi moja.

Theodora alijikaza. Akauma mdomo, akatazama dari, machozi yakamtoka, na kicheko kikamshinda, kikubwa, mpaka kigoda kikayumba.

"Umecheka kwanza," Anwar alisema, akampakatisha kopo. "Beba."

"Nilibebe mpaka wapi?"

"Mpaka kwetu, mimi na wewe. Sijui bado ni wapi. Lakini likifika, tulipande."

Theodora alilikumbatia kopo kwa mikono yote miwili, maji yakamwagikia gauni lake.

"Nitabeba," alisema.