Dole la Babu

Rafiki yangu, fundi cherehani, si mtu wa porojo, ndiyo maana kisa hiki kinaninyima raha. Mchana mmoja wa mvua, madirisha yote ya mbao yamefungwa, alikuwa akiingiza cheti cha jeshi cha babu yake kwenye programu ya ukoo. Babu hakurudi kutoka vitani. Cheti kililetwa nyumbani bila yeye, kisanduku cha alama ya dole gumba kikiwa kitupu.

Mara tatu alikiskani na kukituma, mara tatu kaka yake, msimamizi wa mti wa ukoo, akakikataa.

"Bila dole hicho siyo ushahidi, dada," alisema kwenye simu. "Leo namfuta babu kwenye orodha ya wanajeshi."

"Umenichosha! Hata alikozikwa hatukujui. Sasa nimwite aje aweke dole?"

Akakata simu, akakirudisha cheti kwenye skana, akabamiza kifuniko. Papo hapo umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Chini ya kifuniko karatasi ikaanza kukwaruza, taratibu, kisha kioo cha skana kikalalama kama kinachogandamizwa.

Umeme uliporudi, alifunua. Kisanduku kilikuwa na alama nyeusi ya dole. Akaigusa. Wino ukabaki kidoleni mwake, ungali na uvuguvugu.