Wimbo Uliomponyoka Dorkasi

Kila jioni Dorkasi aliposhuka mtoni kuchota maji, alikuwa akitunga wimbo. Aliuanza ndoo ikiwa tupu, akaumaliza ndoo ikiwa kichwani. Alikuwa darasa la tano katika shule ya Kwemtindi, kijiji cha ujamaa kwenye milima ya Lushoto, na wenzake waliimba nyimbo zake walipopalilia shamba la shule. Alikwisha kutunga wimbo wa mbuzi mwizi, wa mwalimu mkali, hata wa ukungu usiotaka kuondoka asubuhi. Alijua kwamba anaweza, na kujua huko kulimvimbisha kichwa.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Kijito kilikonda, na watu wakabaki kutegemea lambo lililochimbwa juu ya mashamba. Kila jioni nyumba moja ilikuwa na zamu ya kuziba tundu la lambo kwa kipande cha mgomba na matope, ili maji yajae usiku. Asubuhi kizibo kiliondolewa, maji yakateremka mferejini, yakanywesha miche ya kabichi ya shamba la ujamaa, kisha bustani za watu.

Ilipofika zamu ya nyumba yao, baba yake Dorkasi, Mzee Tobia, alikuwa na homa.

"Mwanangu, nenda kazibe lambo kabla jua halijazama," alimwambia kutoka kitandani. "Shindilia matope vizuri. Maji yakitoroka leo, kesho sina la kuwaambia watu."

"Sawa, baba."

Alikuwa hajafika mbali alipoona watoto wakikimbia. Gari la sinema lilikuwa limepanda kutoka Tanga, na kitambaa cheupe kilikwisha kutundikwa kwenye ukuta wa shule.

"Dorkasi, ni sinema ya kuimba," alisema Mussa, mwanafunzi mwenzake, akihema. "Ukichelewa utatazama visogo vya watu."

Nitachungulia tu, alijiambia, kisha nitapanda kwenye lambo.

Giza lilipoingia, ilianza hadithi ya kale ya Waarabu. Mkata kuni maskini alijificha juu ya mti, akawaona wezi wakiuambia mwamba ufunguke. Mwamba ukafunguka, na ndani mlikuwa na dhahabu. Lakini watu wa sinema ile hawakusema, waliimba. Mkata kuni aliimba na punda wake. Wezi waliimba wakizunguka, panga mikononi. Waliimba Kihindi, na bwana wa gari akawa anaeleza kwa kipaza sauti. Dorkasi hakuhitaji maelezo. Wimbo wa wezi ulimwingia mwilini, na lambo likamtoka akilini kabisa.

Alilikumbuka alipokwisha kujilaza. Nje kulikuwa na baridi na giza. Bila shaka mpita njia ameliona tundu, amelifunika, alijiambia, akajivutia blanketi.

Asubuhi lambo lilikuwa tope na vyura. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Danieli, aliwakusanya watu palepale.

"Zamu ilikuwa ya nani?"

"Nyumba yangu," alijibu Mzee Tobia, blanketi begani, macho mekundu kwa homa. "Nilimtuma binti yangu. Dorkasi, uliziba?"

Watu wote walimgeukia. Dorkasi alimtazama baba yake akiegemea fimbo.

"Niliziba, baba."

"Basi kuna mtu aliyezibua," alisema mwenyekiti.

Walifuata njia ya maji. Penye kona, mfereji ulikuwa umefurika usiku na kuingia katika bustani ya maharage ya Bwana Salimu. Udongo wake ulikuwa umelowa chepechepe, wakati bustani nyingine zote zilikuwa vumbi. Salimu alikuwa mtu mpole aliyehamia kijijini na mkewe Mwajuma, mtoto mchanga, na binti yao Asha, ambaye alikaa dawati moja na Dorkasi.

"Nimeamka nikakuta hivi," alisema Salimu. "Wallahi, sikuligusa lambo."

"Maji yana miguu, eti?" mtu mmoja aliuliza, na wengine wakacheka bila furaha.

Ikaamuliwa kwamba Salimu asipate maji mpaka mvua zinyeshe.

Shuleni, wakati wa mapumziko, Mussa alimgusa Dorkasi bega. "Huyu mwizi wetu hujamtungia?"

Angeweza kunyamaza. Lakini wimbo wa wezi ulikuwa bado unamchezea kichwani, na wenzake walikuwa wanamtazama midomoni. Tena alijua jambo jingine, ambalo hakupenda kulijua: kadiri watu walivyolitaja jina la Salimu, ndivyo walivyosahau kuuliza la kwake. Akaimba:

*Funguka mwamba funguka,*
*Salimu anakuita,*
*Maji ya watu yatoka,*
*Shambani kwake yapita.*

Walicheka mpaka wakakaa chini. Jioni wimbo ulikuwa njiani. Siku ya soko akina mama waliubeba pamoja na mboga zao mpaka Lushoto mjini, na wachunga mbuzi wakauitikia mlima kwa mlima. Asha alihamia mwisho wa dawati. Baadaye hakuja tena shule.

Maharage ya Salimu yaligeuka manjano, yakajikunja, yakafa. Dorkasi alipita kando yake kila alipokwenda mtoni. Ndoo ikiwa tupu hakutunga kitu, na ikijaa hakutunga kitu.

Asubuhi moja alikutana na Salimu na watu wake barabarani. Salimu alibeba godoro, Mwajuma alikuwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, Asha amekumbatia kuku.

"Shikamoo, Baba Asha."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnakwenda wapi?"

"Tunashuka kijiji cha Mnazi, kukata mkonge. Hapa hata nikienda kununua chumvi naimbiwa."

Asha alimtazama Dorkasi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Mdogo wangu hajajua kutembea," alisema, "lakini akiusikia wimbo wako anapiga makofi. Umetunga vizuri."

Dorkasi aliwazibia njia. "Baba Asha, msiende," alisema. "Sikuziba lambo. Nilikwenda sinema."

Salimu alilitua godoro polepole. "Twende ukamwambie baba yako," alisema.

Mzee Tobia hakumpiga. Alivaa kanzu yake ya kanisani, akamshika mkono, akaenda naye mbele ya mkutano wa kijiji, akasimama kando yake aliposema yote. Kisha Dorkasi aliimba:

*Mwamba haukufunguka,*
*Salimu hakuuita,*
*Ni mimi niliyetoka,*
*Kizibo nikakipita.*

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimwomba Salimu radhi mbele ya wote, akamrudishia maji. Nyumba ya Tobia ilimpa mbegu na sehemu yake ya maji, ikabaki na bustani kavu. Salimu alibaki, akapanda upya, akavuna kidogo sana. Asha alirudi shule, lakini alikaa dawati jingine.

Mvua zilipokwisha, Dorkasi na baba yake walikwenda Irente kuuza mboga. Kando ya njia, mtoto mdogo wasiyemjua alikuwa akichezea matope na kuimba: *Funguka mwamba funguka, Salimu anakuita...*

"Salimu ni nani?" Dorkasi alimuuliza.

"Mwizi," alijibu mtoto.

Dorkasi alichuchumaa, akamfundisha wimbo wa pili mpaka akaushika. Mtoto aliuimba mara moja, akakunja uso.

"Ule wa kwanza ni mtamu zaidi," alisema, akarudia matope yake.

Mzee Tobia alitua kikapu, akachuchumaa karibu na Dorkasi.

"Lambo uliloacha wazi lilijaa tena tulipoliziba," alisema. "Uongo ulioutia katika wimbo hauna tundu la kuziba. Mungu amekupa kipaji, mwanangu, na kipaji kikisema uongo, watu huuamini upesi na huusahau kwa shida. Kosa la sinema lilikuwa dogo. Ungelisema asubuhi ile, lingekwisha asubuhi ile."

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Utaimba wa pili kila unaposikia wa kwanza. Hata ukiwa mtu mzima."

Akaweka kikapu begani. Dorkasi alijifuta uso, akamgeukia yule mtoto, akaanza tena tangu mwanzo.